Maji ya Kijani Nyumbani kwa Kina Munene

Kitale,
14 Oktoba 2025.

Mpendwa Senge Fridah,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja, na nakuomba kwa magoti. Haya nitakayokuandikia yasitoke mkononi mwako. Mumeo, Baba Levi, asiyaone. Yasifike kwenye lile kundi letu la familia katika simu, ambako hata picha ya ndama hujadiliwa kutwa nzima. Kuna ujumbe mmoja tu nitakaokuomba umfikishie Baba yangu, kaka yako, na nikifika hapo nitakuambia. Mengine yote, ukishayasoma, yatie jikoni yawake pamoja na kuni.

Sasa mulembe, Senge. Hujambo? Goti linaendeleaje tangu daktari akukataze ngazi? Na joto la Voi, bado linakunyima usingizi? Mwambie Levi namwombea katika mitihani yake ya kidato cha nne, na asiamini kila karatasi anayotumiwa na marafiki. Mimi mwili ni mzima. Nyumbani Bungoma pia ni wazima. Mama amevuna maharage, na Baba bado anawachosha wageni kwa hadithi za mabwawa yake ya samaki.

Huku ni msimu wa mahindi. Malori yanatoka hata Moi's Bridge kuja kupimwa ghalani kwetu, na sisi makarani wa mizani tunakula tukiwa tumesimama. Kazi hii, kama unavyokumbuka, nilionyeshwa na Bwana Gichuki, msimamizi wa ghala, ambaye ni kaka wa mama yake Munene. Ndiye pia aliyekuja kwetu kama msemaji wao siku ya mahari. Wakati ule niliona ni baraka, mkubwa wangu wa kazi kuwa pia mjomba wa mchumba wangu. Siku hizi nikisikia viatu vyake kwenye korido nainamia daftari la mizani.

Sikukupigia simu kwa sababu chumba changu na cha jirani vimetenganishwa na mbao tu, na jirani ni binamu ya Munene. Nikikohoa, huniuliza asubuhi kama nimepona.

Nianze na samaki, maana mambo yote yalianzia kwao.

Mama Munene, jina lake Rahab, yule uliyemwona kwenye picha za siku ile akiwa na kitambaa cha zambarau, ana tangi la kioo sebuleni lenye samaki wa mapambo, wale wa rangi ya dhahabu. Aliliweka chini ya dirisha kubwa linalotazama geti, ili mgeni alione hata kabla hajavua viatu. Ni dirisha la upande wa magharibi. Kuanzia saa za chai ya alasiri jua huliangukia tangi lote. Mwezi wa Agosti maji yalianza kuwa ya kijani, na kabla mwezi haujaisha yalikuwa kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki. Samaki hukuwaona tena, ila mmoja mmoja alipokuja kugusa kioo kwa mdomo, kama mtu anayebisha hodi.

Siku ya kwanza kuyaona nilisema jambo la kijinga. Nilisema, tena kwa furaha, kwamba kwetu Baba hutia samadi bwawani makusudi ili maji yawe ya kijani vile vile, maana ule ukijani ndio chakula cha tilapia.

Munene alicheka. Mama yake hakucheka.

"Ati samadi?" alisema. "Kwa hii nyumba?"

Lakini wiki iliyofuata yeye mwenyewe aliniita. Wageni wa kanisa walikuwa wamelitazama tangi wakanyamaza, na ule unyamavu ulimuuma kuliko matusi. Akaniambia: "Baba yako ni mtu wa samaki, na wewe umesoma. Si wewe ndio bibi ya hapa kesho? Basi anza na hii maji."

Nilianza, Senge. Kila Jumamosi mizani ilipofungwa nilikwenda na mikono yangu. Niligundua kwamba nyumba nzima ilikuwa ikiwalisha wale samaki: huyu mkate, huyu chapati, na msichana wa kazi ugali. Kilichobaki kilikuwa kikiozea chini na kuulisha ule ukijani. Na kila maji yalipochafuka, Mama Munene aliyamwaga yote, akajaza mengine moja kwa moja kutoka mferejini. Samaki kadhaa walikufa kwa dawa ya mfereji, na ukijani ulirudi upesi kuliko mwanzo.

Nilikataza makombo. Nikaagiza wapewe chakula chao kidogo tu, kile watakachokimaliza wakati unawatazama. Nilibadilisha robo ya maji badala ya yote, na yale mapya niliyaacha kwenye ndoo wazi tangu jana yake ili dawa itoke. Sponji ya kuchujia niliiosha kwa maji yale yale ya tangi, si ya mfereji, ili nisiue vile vijidudu vizuri vinavyokula uchafu. Hata nililifunika tangi kwa leso, maana bila mwanga ukijani hufa. Mama Munene aliiondoa leso kabla sijafika getini. Alisema samaki wake si maiti.

Maji yalipungua ukijani, nikaanza kuona mikia. Halafu zikaja siku za jua kali, yakarudi yalikotoka.

Nilimpigia Baba. Unamjua, akiulizwa habari za samaki husahau hata kukusalimia. Aliniuliza tangi liko wapi. Nilipomwambia liko chini ya dirisha, alicheka mpaka akakohoa. "Sasa mama, wewe unapigana na jua? Hamisha hiyo kitu."

Hilo ndilo lililonitia hofu. Lile dirisha ni heshima ya nyumba ile. Ningemwambiaje mama mkwe kwamba tangi lake analionyesha vibaya? Nilikaa na sentensi hiyo kifuani kama mtu aliyebeba yai.

Sasa sikiliza vizuri, Senge, maana hapa ndipo nilipoangukia.

Ilikuwa Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya chakula. Walikuwapo Mama Munene, Bwana Gichuki na Munene. Mimi nilikuwa kwenye tangi, kiwiko ndani ya maji, nikikwangua kioo, na wao walikuwa mezani wakizungumza. Nilisikia "Bungoma," nikasikia "harusi," lakini sikufuatilia, maana msichana mwenye adabu hasikilizi hayo. Kumbe Bwana Gichuki alikuwa akiuliza kama kuna lolote lililobaki kati yetu na wao kabla ya kupanga siku.

Mama Munene akanigeukia. "Na wewe Ivy, umenyamaza tu. Kama kuna shida, sema. Iko wapi?"

Nikadhani ananiuliza habari za tangi. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikatoa mkono majini, nikasimama wima kama mtoto wa shule, nikasema ile sentensi yangu.

Unaujua ulimi wetu. Nikiwa nimetulia, l yangu ni l na r yangu ni r. Nikiogopa, herufi hizo mbili hubadilishana viti bila kuniuliza. Nilikusudia kusema mahali. Niliyoyasema ni haya: "Mama, kusema kweli, shida ni mahari. Hii mahari haifai. Ikibadilishwa, kila kitu kitakuwa safi."

Nilipoona wote wameweka vijiko chini nilidhani nimelidharau dirisha. Kwa hiyo nikajitetea, nikazidi kujizika: "Si mimi tu. Nilimpigia Baba, na yeye amesema hivyo hivyo."

"Kumbe mmeshaongea," alisema Bwana Gichuki.

"Ndiyo," nikajibu. Ndiyo, Senge. Nilijibu ndiyo.

Mama Munene alikusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akaenda nazo jikoni. Munene aliinamia simu yake. Nilirudi kwenye tangi, nikamaliza kukwangua kioo, nikaaga, nikaitikiwa na mtu mmoja tu, yule msichana wa kazi.

Kesho yake kazini ndipo nilipoelewa. Bwana Gichuki alipita kwenye mizani, dereva wa lori akiwa amesimama pale pale, akasema: "Ivy, waambie watu wa kwenu, mahari si mahindi. Haipandi bei ikishapimwa."

Dereva alicheka. Nilimwambia Bwana Gichuki, Mzee, nilimaanisha mahali, pale tangi lilipo. Akanitazama kama tunavyomtazama mtu anayedai gunia lake limepungua njiani. "Karani mzima," akasema, "hajui tofauti ya mahali na mahari?"

Naijua, Senge. Hiyo ndiyo inayonitafuna. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha kwamba mahali pana pa yake: mahali hapa hapafai, pakibadilishwa patakuwa safi. Ningesema hapafai badala ya haifai, hata kama ulimi ungeteleza, hakuna mtu angeweza kusikia vibaya. Silabi moja ingeniokoa. Lakini nani Kitale husema pakibadilishwa akiwa sebuleni? Huko kwenu Voi pengine. Huku ungeambiwa unajifanya umezaliwa Lamu. Nilinyenyekea nikasema kama wao, na kunyenyekea kwangu ndiko kulikonifunga.

Na wao si kwamba wana ndimi nyepesi. Mama Munene mwenyewe akitaka kulala husema anaenda kurara. Lakini mwenye nyumba hachekwi.

Nilimkimbilia Munene. Nilijua yeye ananielewa. Amesoma na watoto wa Bungoma tangu darasa la kwanza, na miaka hii yote amekuwa akinitania kwa ulimi huu huu. Nikisema nimechoka nataka kulala, hunijibu, "Haya, rara." Nilimwomba awaeleze mama yake na mjomba wake. Aliniambia, "Nitaongea na mathe. Wacha kwanza ipoe."

Nikangoja ipoe. Ghalani salamu zilikoma. Wiki ikapita, na nyingine. Ndipo nikasikia kutoka kwa Bwana Gichuki mwenyewe, naye hakuwa akiniambia mimi bali simu yake, kwamba wazee wanakwenda Bungoma Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu kumwuliza Baba yangu, Mzee Nyongesa, kwa nini ameyageuza yaliyokubaliwa.

Fikiria hapo, Senge. Wewe ni dada yake, unamjua. Baba ataapa kwamba hajageuza neno. Watamjibu kwamba ushahidi ni wa binti yake, aliyesimama mbele yao akaitaja mahari yake kwa mdomo wake mwenyewe, akasema na babake amekubali. Kwetu msichana hafungui mdomo kuhusu mahari hata akiulizwa, na mimi nimesimama kuidai kama anayedai chenji. Baba ataonekana mwongo mbele ya wageni uani kwake. Na mimi siwezi kumwendea, maana binti hazungumzi mahari na babake. Nikimweleza kosa, lazima nilitaje neno. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Senge ndiye mdomo wa binti wa kaka yake. Sina mwingine.

Hadi Jumamosi iliyopita barua hii ingeishia hapa, na ningekuwa naomba uniokolee uchumba wangu. Lakini nilikwenda pale nyumbani.

Nilinunua parachichi nzuri sokoni, nikasema nitakwenda nimwangukie Mama Munene hata kama hatanipa kiti. Nilipoingia niliangalia dirishani kwa mazoea. Hapakuwa na tangi. Palikuwa na meza tupu na chungu cha maua. Nilidhani samaki wamekufa wote.

Tangi lilikuwa ndani zaidi, kwenye ukuta wa upande wa chumba cha kulia, mahali ambapo jua halifiki. Blanketi kuukuu lilikuwa limekunjwa juu ya kabati kando yake. Na maji, Senge, yalikuwa maangavu kama glasi ya kunywea. Samaki wote walionekana, hata yule mwenye doa jeusi mkiani ambaye sikuwahi kujua yupo.

Mama Munene alizipokea parachichi bila kuzitazama. Akaona ninavyolitazama tangi. "Si unaona? Imekuwa safi. Na haikutaka mtu wa digrii."

Nilimwuliza ni nani aliyelihamisha.

"Ni Munene. Ile Jumapili, nyinyi mkishaenda tu. Akaleta na blanketi akaifunika siku kadhaa. Aliniambia hakuna kingine, shida ilikuwa tu ni hiyo mahari ya dirisha."

Hivyo ndivyo Mama Munene alivyolitamka. Mahari ya dirisha. Kwa mdomo wake, akiwa amesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi, na hakuna aliyekusanya sahani. Nilimwambia kwa upole, mama, hayo ndiyo niliyoyasema siku ile.

"Wewe ulisema yako," alijibu, akaingia jikoni.

Sikulia pale. Nililia baadaye. Pale nilikuwa nawaza tu: Munene alisikia. Hakuhitaji kuelezwa na mimi wala na mtu yeyote. Jumapili ile ile, kabla jua halijatua, alilibeba lile tangi zito kutoka dirishani kwa sababu alisikia mahali. Na mama yake na mjomba wake akawaacha na mahari.

Nilimngoja getini. Alipokuja nilimwuliza swali moja tu, alisikia nini siku ile. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Akasema hakutaka iwe hivi. Akasema mambo yamebana mwaka huu, alikuwa akimwomba mama yake harusi isogezwe mbele hadi mwakani na mama alikuwa akikataa, na nilipoteleza mambo yakajipanga yenyewe. "Tungoje tu, Ivy. Wakienda Bungoma watagombana kidogo, watasema isimame kwanza, mwakani tutaanza upya. Hakuna mtu ameumia."

Hakuna mtu ameumia. Baba yangu ataitwa tapeli nyumbani kwake ili Munene asije akamwambia mama yake, kwa kinywa chake, kwamba hayuko tayari. Angeniambia mimi ningengoja. Ningengoja hata miaka, Senge, na ningekuwa nikiwabadilishia samaki maji kila Jumamosi. Lakini aliona ni rahisi kuukodi ulimi wangu, ule ule anaouchekea.

Nimefikiri tangu siku hiyo, na ninaogopa ninapoyaandika haya, lakini sibadilishi. Kama samaki wa mama yake walistahili kusikiwa vizuri na mimi sikustahili, basi pale si kwangu.

Sasa ule ujumbe wa Baba. Mpigie kabla ya Jumamosi ile ya wazee. Mwambie kwamba binti yake hakudai chochote. Alikuwa akizungumzia tangi la samaki, neno likateleza. Habari za Munene usimwambie bado, maana atachukua rungu. Mwambie tu wageni wakifika awape chai, asibishane na asiape. Wakimaliza kusema, awaulize jambo moja: tangi lililokuwa dirishani limehamishwa na nani, na lini. Bwana Gichuki ni mtu wa mizani, atapima mwenyewe. Na nimeomba Munene awe pale. Amekubali, hajui kwa nini.

Wakishajibu, wale ng'ombe waliokwisha kuletwa warudi kwao kwa amani. Usinisihi, Senge. Najua utataka. Najua pia kwamba kazi ya ghalani huenda ikaondoka pamoja na wale ng'ombe, na sijui nitalipia chumba kwa pesa gani. Nimeanza kuuliza kazi Bungoma mjini, hata ya kuandika barua za watu.

Nisalimie Baba Levi, umwambie tu nilikuandikia habari za goti. Nisalimie Levi, na jirani yako yule aliyenifundisha kupika wali wa nazi. Mama anakusalimu, ingawa hajui kuwa naandika. Mungu akutunze, akupe kuliona goti lako likipanda ngazi, na akufunge mdomo kwa ajili yangu kama alivyowafunga simba wa Danieli.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye leo kuliko jana,

Ivy.

Tena: Usinipigie kwenye namba yangu, maana Munene anajua namna ya kuifungua simu yangu. Usipige ya ofisini, maana hupokelewa na Bwana Gichuki. Barua pia usitume kwa sanduku la ghala. Mpigie Sandra, msichana wa Chwele anayeuza chai mkabala na geti letu. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga saa za chakula cha mchana, wakati malori yamezimwa. Mwambie jina lako na kwamba unauliza Ivy yuko mahali gani, naye ataniita kama aniitaye kulipa chai. Akikujibu kwamba Ivy yuko mahari pake pa kazi, usishtuke. Sandra ana ulimi kama wangu, lakini masikio yake ni mazuri.